Mombasa ya Fundi Kristian

Kibanda changu cha cherehani na kibanda cha fundi Kristian vinagawana ukuta mmoja wa mabanzi, pale juu ya soko la Lushoto, na ukuta huo una nyufa za kupitisha kila kitu isipokuwa mwili wa mtu. Akigombana na mteja, mimi nasikia tangu salamu. Kwa hiyo nikisema namjua Kristian sibahatishi. Nimemsikiliza kwa miaka kumi na tisa, na zaidi ya nusu ya niliyoyasikia sikuyataka.

Kristian Shekigenda ni fundi wa fremu. Picha za harusi, vyeti vya kipaimara, sura za marehemu, hata jezi ya timu ya kata iliyowahi kushinda kombe: mtu akitaka kitu kining'inie ukutani kwa heshima, anampelekea yeye. Kioo hukikata mwenyewe na mkono wake hautetemeki. Ni mrefu, mwembamba, anaimba besi kwenye kwaya ya usharika, na tangu nimfahamu anavaa sweta lile lile la kijani, Januari hata Julai. Viwiko vyake nimevishona mara nne. Kila mara ananiambia nishone vizuri maana sweta bado ni jipya.

Kinachomletea watu ni mwandiko. Kuzunguka kila picha huweka karatasi ngumu yenye dirisha katikati, na chini ya dirisha anaandika kwa wino mweusi jina la mtu, mahali na mwaka. Herufi zake zimesimama wima, zimepeana nafasi, hakuna inayomkanyaga mwenzake. Watu wanatoka Mlalo na Bumbuli kwa ajili ya herufi zile.

Lakini ana ugonjwa, nao hauna dawa hospitali yoyote. Hajui kusema "sijui". Ukimuuliza njia ya mahali asipopajua atakuelekeza, tena kwa mikono yote miwili. Mzungu mmoja wa kutazama ndege aliwahi kumuuliza jina la kijindege cha kijani kilichotua kwenye paa letu. Kristian alimtajia bila kusita, mgeni akaliandika kwenye daftari lake na kushukuru sana. Lilikuwa jina la shangazi yake wa Mtae.

Nilicheka siku ile. Sikujua ugonjwa huo ungekuja kutufikisha wapi.

Mwaka jana mwezi wa saba, ukungu umelala sokoni hadi saa nne, nilisikia sauti ya msichana upande wa pili wa ukuta.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Alikuwa Salma, mjukuu wa Bi Mwanaheri wa Soni. Bibi yake alikuwa na picha iliyotengenezwa hapo miaka kumi na miwili iliyopita, na sasa alitaka fremu ya pili, nyepesi, ya kubeba mkononi. Picha yenyewe hakuja nayo kwa sababu bibi hakubali itoke ukutani, kwa hiyo aliipiga kwa simu. Nikaacha cherehani, nikaenda kuchungulia. Umbea? Sawa, ni umbea.

Kijana aliyevaa shati jeupe amesimama. Nyuma yake miti miwili, na nyuma ya miti maji mengi yaliyotulia. Basi. Chini yake, kwa mwandiko ninaoujua: MUSSA, MOMBASA, 1967.

"Bibi anasafiri nayo," Salma akasema. "Anakwenda Mombasa Jumamosi. Baba ameshamshughulikia hati ya kusafiria."

"Mombasa kuna nini?" nikauliza, maana Kristian alikuwa kimya, na Kristian hanyamazi.

Salma akatueleza. Mussa alikuwa babu yake. Picha ile aliituma Soni kabla hawajaoana, na nyuma yake aliandika: *Nataka siku moja usimame nami hapa.* Mahali hakutaja. Wakaoana, wakaishi miaka arobaini na miwili, na kila Bi Mwanaheri alipomuuliza ni lini atampeleka huko, mzee alicheka na kujibu, "Mbona nilishakupeleka?" Hakusema zaidi ya hapo. Bibi akaona ni utani wa kukwepa. Mzee alipofariki, akaileta picha kwa fundi na kumuuliza, hapa ni wapi? Fundi akamwambia ni Mombasa.

"Na Bibi hajakanyaga Mombasa hata siku moja," Salma akaendelea. "Ndipo akajua kwamba Babu alikuwa anamdanganya muda wote. Mpaka leo akimsifia lazima amalizie, 'Mussa alikuwa mtu mwema, ila kwa lile la Mombasa alinidanganya.' Sasa anasema atakwenda kusimama mwenyewe, halafu amsamehe. Magoti yake yamechoka. Kasema hii ndiyo safari yake ya mwisho kushuka mlima."

Salma alipomtumia fundi picha ile kwa simu na kuondoka, nilirudi kwenye cherehani. Sikusikia nyundo wala msumeno. Baadaye sweta la kijani likajitokeza mlangoni kwangu.

"Mama Idrisa," akasema, "nimefanya jambo baya."

"Najua. Nasubiri uniambie ni baya kiasi gani."

"Aliniuliza hapa ni wapi. Nikaona maji. Sasa, kati ya jina na mwaka nilikuwa na nafasi ya herufi saba. Nikiandika Tanga, panabaki uwazi mbaya."

Nilimtazama mtu huyu niliyeshiriki naye ukuta miaka kumi na tisa, na damu ikanichemka. Nikamwambia amemfanya marehemu wa watu mwongo ndani ya kaburi lake, kwa sababu ya uwazi! Nikamwambia mengine pia, ambayo muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara bado ananikumbusha. Kristian alisimama akayapokea yote. Nilipochoka akauliza kwa sauti ndogo kama nina shauri.

Tulikuwa na siku tano. Shauri la kwanza lilikuwa lake, na ndiyo maana lilikuwa bovu. Alichukua picha kwenye simu akaenda wanakopakilia kabichi, awaulize madereva wa malori, kwa kuwa wao wanafika kila mji. Wa lori la Dar es Salaam akasema hapo ni Dar, hata swali lisiwepo. Wa Tanga akasema Tanga. Mmoja aliyezoea njia za kanda ya ziwa akasema maji yaliyotulia namna ile hayawezi kuwa bahari, ile ni Mwanza. Kila mtu aliiona picha ikiwa mwisho wa safari yake mwenyewe. Kristian akarudi na karatasi yenye alama za kalamu, anataka kuhesabu kura.

"Ukihesabu kura nakuvunjia kioo," nikamwambia.

Nikaikuza picha kwenye simu, nikaitazama kwa jicho langu la ushonaji. Kola ya shati niliiona: imeshonwa vizuri, imepigwa pasi. Kola haisemi ni mji gani. Ila kitu kimoja kilinisumbua. Upande wa kushoto bega la Mussa lilikuwa limegusa kabisa ukingo wa dirisha, na miguu ilikatikia magotini. Mpiga picha gani anampanga mtu hivyo?

"Kristian, picha yote ndiyo hii?"

Akakaa juu ya kigoda. Pale ukutani kwake kuna kipande cha bati alichorithi kwa fundi aliyemfundisha kazi, kimekatwa umbo la dirisha. Karatasi zote anazikatia kwa bati lile lile. Yeye hakati dirisha liifuate picha, picha ndiyo inayolifuata dirisha. Kinachozidi hakikatwi, kinalala chini ya karatasi hakionekani.

"Upande wa chini imefichwa kama vidole viwili," akasema polepole. "Upande wa kushoto pengine vitatu."

"Na picha za watu wote wa wilaya hii ziko hivyo?"

Akalitazama lile bati. Nikaamua hilo tulifungue siku nyingine, maana hata marehemu baba yangu yuko ndani ya fremu yake.

Ili kuiona picha nzima ilibidi kuifungua, na ili kuifungua ilibidi mwenyewe aambiwe sababu. Kristian akapendekeza tumtumie Salma ujumbe. Nikafunga duka, nikajitanda mtandio wangu, nikamwambia atangulie stendi.

Bi Mwanaheri anakaa juu kidogo ya barabara ya Soni, na tulimkuta barazani anamenya viazi. Ni mama wa miaka sabini na mitano, mdogo wa umbo, na macho yake hayana haraka. Alitusalimia kwa Kishambaa, "Onga mshi," tukaitikia, kisha sote wawili tukamwamkia shikamoo. Aliagiza chai. Kristian alishika kikombe bila kunywa.

"Mama," akasema, "picha ya mzee. Mimi sikujua ilipigwa wapi. Niliandika tu."

Bi Mwanaheri akaweka kisu chini. "Uliandika tu."

"Ndiyo, Mama."

"Lakini uliniambia kwa mdomo wako. Ulisema Mombasa, karibu na bandari."

"Ndiyo, Mama. Bandari nayo niliiongeza."

Nilitamani kucheka na nilitamani kulia. Nilimwonea huruma, nami si mtu wa huruma za haraka. Bibi alimtazama muda mrefu, ganda la kiazi limening'inia kwenye kidole chake.

"Miaka kumi na miwili," akasema, "namsomea Mussa dua, nikimaliza namlaumu. Kwa hiyo yale maneno yake kwamba alishanipeleka, yalikuwa kweli au uongo?"

Kristian akaweka kikombe chini. "Sijui, Mama."

Ningeweza kumpigia makofi pale pale. Neno lile lilimtoka kwa shida kama mtu anayejifunza kulitamka, lakini lilitoka.

"Shusha picha," Bi Mwanaheri akasema.

Kristian aliifungulia juu ya mkeka. Alichomoa vijimisumari kimoja kimoja, akavipanga, akaondoa ubao wa nyuma, akainua karatasi yenye mwandiko wake mzuri na kuiweka kando akiwa ameigeuza uso chini. Sote tukainama.

Picha ilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani. Chini ya miguu ya Mussa kulionekana barabara, na ubavuni mwake ukuta mfupi wa mawe uliofuata ukingo wa maji, wa kimo cha kukalia mtu. Na upande wa kushoto, mahali palipofichwa na bati la marehemu fundi, lilisimama jengo refu lenye matao, ghorofa juu ya ghorofa, matao yamepangana kutazama bahari.

Mimi jengo lile sikuhitaji kuambiwa. Mwanangu Idrisa alivunjika mguu akiwa na miaka kumi na mmoja, tukaandikiwa kwenda hospitali ya mkoa, na kwa siku tisa nilikuwa nikitoka wodini kupunga upepo nikilitazama. Matao yake niliyahesabu mpaka nikayachoka.

"Hapo ni Tanga," nikasema. "Hilo ni jengo la zamani la hospitali."

Bi Mwanaheri hakushangilia. Aliisogeza picha karibu na macho, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Tanga nimefika mara moja," akasema. "Athumani nilimzalia huko, baada ya kushindikana hapa. Lakini barabara hii siikumbuki. Nakumbuka maumivu na joto."

"Basi huenda mzee alikupitisha, Mama," Kristian akaanza, mkono tayari umeinuka kuelekeza.

"Wewe nyamaza," bibi akamwambia. "Sitaki tena kuandikiwa. Nataka nikaone."

Jumamosi Athumani alipanda kutoka Mazinde na gari lake. Ni mwanawe wa kwanza, mtu wa miaka hamsini na mitatu, mnene, mpole, mwenye maduka mawili na kofia ya viua isiyomtoka kichwani. Mama yake alimpa amri: Kristian aje kwa sababu ndiye mkosaji, nami nije kwa sababu ndiye shahidi. Salma akakaa nasi nyuma. Tukateremka kona zote hadi Mombo, tukaipita Korogwe, na kila tulipozidi kushuka Bi Mwanaheri alivua kitu: shuka, kisha sweta, kisha sweta lingine la ndani. Kristian alibaki na lake, jasho linamtiririka, picha ameipakata kama mtoto wa kubatizwa.

Tulipoingia Tanga barabara ikagawanyika. Athumani akauliza, "Fundi, kulia au kushoto?"

Mkono wa Kristian uliinuka. Ukakaa hewani. Ukashuka.

"Sijui," akasema. "Tuulize."

Bi Mwanaheri hakugeuka, lakini nilimwona shavu likitabasamu.

Tulielekezwa na muuza machungwa, tukaegesha, tukatembea. Jengo lilikuwepo, limechakaa, baadhi ya matao yameota majani, ila ni lile lile. Kristian akashika picha mbele ya uso, akafumba jicho moja, akaanza kusogea. Hatua mbili nyuma. Moja kulia. Waendesha bodaboda wakasimama kumtazama. Alikuwa anapanga ukingo wa jengo na ukingo wa picha kwa umakini ule ule anaokatia kioo, na kwa mara ya kwanza tangu Salma aje dukani nilimwona anajiamini kwa haki. Mti mmoja ulikuwa umekatwa. Wa pili ulikuwa mnene mara tatu. Ukuta mfupi wa mawe ulikuwa pale pale.

"Hapa," akasema, akarudi nyuma kumpisha. "Mguu wa mzee ulikuwa hapa."

Tulidhani Bi Mwanaheri atakwenda kusimama. Hakwenda. Alikuwa anautazama ukuta. Aliusogelea, akapitisha kiganja juu ya mawe, akageuka na kukaa juu yake polepole, miguu yote pamoja, mgongo kwa bahari. Uso wake ukabadilika. Salma akamkimbilia, nikamshika mkono asiende.

"Nilikaa hapa," Bi Mwanaheri akasema.

Akapapasa tena mawe, akaendelea.

"Siku niliyoruhusiwa. Nina mshono tumboni, nina mtoto mikononi, jua linawaka. Nikamwambia Mussa, twende stendi. Akanileta huku. Nikamuuliza, huku kuna basi? Akasema, njoo tu, mara moja. Tukafika hapa akaweka mzigo chini, akaninyooshea mkono. Akasema, simama hapa kidogo." Akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Nikamwambia, mwenye kutaka kusimama asimame, mimi naumwa. Nikakaa, nikampa mgongo yeye na bahari yake. Alikuwa anasema kitu, anasema na kucheka. Sikumsikia. Nilikuwa nataka kurudi kwetu kwenye baridi."

Mimi nililia, sioni haya kusema. Kristian alikuwa amegeukia mti, mabega yake yanapanda na kushuka ndani ya lile sweta.

"Alinileta," Bi Mwanaheri akasema, na sasa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Alinileta tangu mwanzo, na hakunidai hata shukrani. Mussa, masikini! Mimi ndiye niliyempa mgongo."

Kisha akainua macho, akamtafuta mwanawe miongoni mwetu.

"Na wewe," akasema, "ndiye uliyekuwa unapiga kelele. Ulilia tangu wodini mpaka hapa. Ningemsikiaje baba yako?"

Athumani, mwenye maduka mawili na wajukuu watatu, akavua kofia yake. Akapiga magoti barabarani mbele ya mama yake, bila kujali suruali yake nyeupe.

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe," akasema, akamwekea mkono begani. "Haya, ninyanyue. Nataka kusimama."